Watu Mia Mbili, Dada Mmoja

Yamumbi, Eldoret
9 Februari 2025

Kwako Dada Nasambu,

Pokea salamu kutoka kwa bibi harusi! Ndiyo, bado najiita hivyo ingawa wiki tisa zimepita. Opondo anasema nitaacha siku nitakayounguza ugali, na mpaka leo sijaunguza. Sisi ni wazima kabisa. Nyumba yetu ina vyumba viwili, na dirisha la jikoni linatazama shamba la kabichi la mtu. Asubuhi mume wangu akienda kazini mjini, kule duka la mabati anakofanya ukarani, anageuka mara tatu kunipungia mkono. Mara tatu, dada! Jirani alidhani amesahau funguo. Mama mkwe wangu, Mama Hulda, alikuja kututembelea akaacha samaki na maneno matamu: "Wewe ni mwembamba, lakini utafaa." Nililia kwa furaha.

Wewe hujambo? Bado unapima unyevu wa mahindi hapo ghalani Moi's Bridge? Nakuandikia kwa mkono kwa sababu Wasike wa lori aliniletea neno lako, kwamba ile simu yako kubwa umempa Mama ajitazamie nywele, na anayekutaka aandike. Basi Wasike akileta mahindi kinuni hapa Eldoret, atakuwa posta yetu. Si ni kitu cha mapenzi hicho? Kama watu wa zamani!

Nikuambie habari ya grupu. Kamati zingine za harusi hufunga grupu zao za wasapu siku ya pili, watu wakatoka mmoja mmoja kama wageni waliomaliza pilau. Yangu iko hai. Watu mia mbili na kumi na wawili! Jioni moja niliketi na Opondo tukahesabu makabila, yakafika kumi na tisa kabla chai haijapoa. Yuko Chelagat wa maziwa kutoka Kapseret, yuko Mungai wa mahema, yuko Akello anayenisuka, yuko mwalimu wa kwaya ambaye ni Mkamba, yuko Msomali aliyetuuzia vitambaa, na yuko daktari wa ng'ombe ambaye hakuna anayejua nani alimwongeza. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne wana marafiki wa kijiji kimoja na kanisa moja. Mimi nikifungua simu ni kama nimefungua dirisha la nchi nzima. Maskini Opondo ana watu thelathini tu kwenye simu yake, na kumi na saba kati yao ni binamu. Ninamhurumia na kumbusu.

Sasa kuna kale kajambo. Mama amesema mimi na Opondo hatutavuka mlango wake kama mume na mke mpaka upokee ile blanketi. Ndugu yetu Mulongo aliileta kwako, akarudi nayo chini ya kwapa kama mtu aliyenyimwa mkopo. Dada, ni blanketi nzuri, ina maua mekundu. Kwetu mdogo akimruka mkubwa kuolewa, mkubwa hupewa blanketi, yanaisha. Kwa nini usiipokee tu? Nataka kumleta mume wangu nyumbani. Nataka Mama amuone akila.

Na kuhusu kutolewa kwenye grupu, kidole kiliteleza.

Mdogo wako mwenye furaha,
Nanzala (Bi. Opondo!)


Moi's Bridge
2 Machi 2025

Kwa Mheshimiwa Bi. Opondo, Rais wa Makabila Kumi na Tisa,

Huku tu wazima. Mama ni mzima, mgongo wake unamwambia mvua itachelewa. Ng'ombe wake alizaa ndama dume. Hakuna aliyempongeza mtandaoni, na bado anatembea.

Nimefurahi kwamba Opondo anageuka mara tatu. Mwaka ujao atageuka mara moja, na mwaka wa tatu utashukuru akikumbuka mlango uko upande gani. Samaki wa Mama Hulda pia nimewafurahia kwa mbali.

Mimi, ndiyo, bado napima unyevu. Mtu analeta gunia, nachoma kipimo, nasoma namba, namwambia, "Rudi ukaanike." Ananichukia. Kesho analeta lile lile bila kuanika, nachoma, nasoma, namwambia tena. Kazi hii imenifundisha kwamba mtu anaweza kuapa kwa jina la Mungu kuwa mahindi yake ni makavu huku yanachipuka.

Ndiyo maana nikarudi kwenye barua yako kwa makini. Kwa kuwa kidole chako kinateleza, huenda kumbukumbu nayo. Nikusaidie.

Ilikuwa Jumanne, siku kumi na moja kabla ya harusi. Mulongo, mwenyekiti wako, akaweka orodha kwenye grupu: sufuria, viti, keki, blanketi ya Nasambu. Mungai wa mahema, ambaye hajui desturi zetu na simlaumu, akauliza, "Na blanketi ni ya nini, kuna mgeni analala?" Angeweza kujibiwa, "Hilo ni la nyumbani, mzee." Lakini Mulongo akaandika: "Hiyo ni ya kumpangusa machozi dada mkubwa, maana gari limempita stejini." Basi nchi yako nzima ikacheka. Makabila kumi na tisa, kila moja na kale kauso ka manjano kanakotoa machozi. Siku hiyo niligundua kwamba kicheko hakina kabila, jambo ambalo viongozi wetu wamelitafuta kwa miaka mingi.

Uso wa kwanza kabisa ulitoka kwenye simu ya bibi harusi.

Nikaandika sentensi moja: "Mulongo, blanketi hiyo jifunike nayo mdomo." Dakika haikuisha, kidole kikateleza. Kidole chenye bidii! Kiliteleza mpaka kwenye jina langu, kikateleza hadi kwenye "ondoa", kisha kikateleza tena pale simu inapouliza kama una hakika.

Blanketi mpeni ndama. Alizaliwa siku ya baridi.

Dada yako, bado stejini,
Nasambu


Yamumbi
16 Machi 2025

Kwako Dada,

Salamu kutoka kwa sisi wawili. Wasike, unga wa mahindi puani, aliniletea barua yako, nikaisoma nimesimama langoni. Opondo akauliza, "Dada anasemaje?" Nikasema, "Anasema ng'ombe amezaa." Kwa hiyo sijadanganya.

Afya ni nzuri. Jumapili Opondo aliniimbia wimbo wa Kijaluo akifua shati, na ingawa nusu sikuielewa, nilijua ni mimi. (Baadaye nilimuuliza. Ulikuwa wa timu ya mpira. Bado nilijua ni mimi.)

Sawa. Nilicheka. Nilikutoa. Lakini nawe ujiweke mahali pangu! Mama Hulda alikuwa ndani ya grupu, pamoja na shangazi wanne wa Opondo. Watu wa kila aina walikuwa wakitazama. Kwetu tungegombana jikoni, Mama angepiga sufuria na kijiko, tungenyamaza. Lakini mbele ya Mkalenjin, Mkikuyu, Mjaluo, na yule daktari wa ng'ombe? Nilicheka haraka ili lionekane utani, lisiwe kubwa. Kisha nikakutoa kabla hujaandika la pili. Nakujua. La kwanza lako huwa salamu.

Na watu wale si wabaya. Mungai alipojua umeondoka aliniuliza mara mbili, "Yule dada wa blanketi alienda wapi?" Hawakujui tu. Wangekujua wangekupenda. Nafikiri unawachukia kwa sababu ni wengi na ni wangu.

Pole, dada. Nimesema pole. Sasa pokea blanketi. Mama akinipigia simu anauliza habari ya kuku wangu, habari ya jirani, habari ya kabichi za jirani. Habari ya Opondo haulizi. Mtu mzima wa kilo themanini, na Mama anamruka kama shimo.

Niulize kitu kimoja? Neno la Mulongo lilikuwa baya, nakubali. Lakini kila mwaka unaambiwa mabaya kuliko hayo na wenye magunia, na unayacheka. Mbona hili limekaa hivi? Kuna kitu kingine?

Akupendaye,
Nanzala


Moi's Bridge
20 Aprili 2025

Kwa Nanzala,

Barua yako imechukua mwezi. Lori la Wasike lilikaa foleni, kisha likaharibika, kisha yeye akalalia bahasha akidhani ni mfuko wa njugu. Baada ya hapo mvua zikaja na kila mtu akawa shambani. Mama amepanda. Mgongo wake sasa unasema mvua itazidi. Mgongo huo haujawahi kuwa na habari njema.

Heri ya Pasaka. Mfikishie Opondo salamu zangu, na umwambie aimbe wimbo wa timu yake pole pole, maana wewe ukiachika ni mimi nitakayeletewa mzigo.

Nimeichoma pole yako kipimo. Ina unyevu. "Pole, sasa pokea blanketi" si pole, ni risiti.

Unasema wale watu hawanijui. Hapo umesema kweli, mdogo wangu, na hukusikia ulichosema. Watu mia mbili hawajui nilisomea nini, hawajui kwamba nacheka, hawajui kwamba nilikubeba mgongoni ulipougua surua. Wanajua jambo moja tu: kwamba sijaolewa. Umenitambulisha kwa makabila kumi na tisa kwa asubuhi moja. Hata mhubiri wa redio hana bidii hiyo.

Siwachukii kwa wingi wao. Hapa ghalani tuko wanawake wanne kwenye benchi moja: mimi, Mteso, Mnandi, na mama mmoja Mkisii anayejua kila kitu. Sikuwachagua na siwezi kuwaondoa. Tukigombana Jumatatu, Jumanne lazima tushike ncha nne za turubali lile lile, mvua inakuja. Nao walijua habari ya blanketi, kwa sababu niliwaambia mwenyewe, siku niliyotaka, kwa maneno yangu. Yule Mkisii alisema, "Na iwe nzito." Hakucheka mtu.

Uliuliza kama kuna kitu kingine. Hakuna. Mvua imeanza.

Nanzala, ukimkosea mtu na hujui umemkosea nini, huwa kuna dawa rahisi sana. Unauliza. Jaribu siku moja.

Nasambu


Yamumbi
4 Mei 2025

Dada yangu mpendwa, mpendwa, mpendwa!

Salamu za furaha! Opondo ameongezwa kazi, sasa anashika na daftari la misumari. Tumenunua pazia. Mama Hulda amesema nimenona. Mambo ni mazuri, na yatakuwa mazuri zaidi, kwa sababu nimefuata ushauri wako. Nimeuliza!

Niliandika kwenye grupu kwa heshima kabisa: "Ndugu zangu wa makabila yote, kwenu mdogo akimruka dada yake kuolewa mnafanyaje ili dada aridhike?" Dada, simu ilipata moto! Mungai akasema mdogo wake alimpa mbuzi, na bado ana kinyongo na yule mbuzi. Mwalimu wa kwaya akasema kwao walimwimbia mkubwa wimbo mpaka akakubali kwa uchovu. Chelagat akasema alidhani huyo dada alishahama nchi. Yule Msomali akatuma dua ndefu na nzuri. Daktari wa ng'ombe akatoa maoni, na yalikuwa ya maana! Watu walizungumza kuanzia saa tatu mpaka chakula cha mchana, wa kila aina, bila tusi hata moja. Nilijivunia. Nikawaza, hii ndiyo Kenya ninayotaka mtoto wangu azaliwe ndani yake. (Bado. Usimwambie Mama.)

Akello peke yake aliandika, "Kwetu hatuongei haya mbele ya watu," lakini Akello siku hizi ana meno yanamuuma.

Ili tumalize vizuri nikaweka kura. Blanketi ilipata mia moja arobaini na moja. Mbuzi thelathini na nane. Vyote viwili ishirini na saba. Opondo aliongeza chaguo lake mwenyewe, "Aulizwe mwenyewe", akalipigia kura, akabaki nalo peke yake kama mtu aliyevaa suti kwenye mechi. Nilimcheka siku nzima.

Kwa hiyo watu wamesema, dada. Wengi wape. Blanketi inakuja tena na Wasike, na nimeongeza shuka. Ipokee, useme neno moja tu, nami nimlete mume wangu nyumbani kabla kabichi za jirani hazijafunga.

Wako wa daima,
Nanzala


Yamumbi
8 Juni 2025

Kwako Dada,

Hatujambo. Natumaini nawe hujambo.

Wasike amekuja mara tatu bila barua. Mara ya kwanza alirudisha blanketi na shuka. Nikamuuliza ulisemaje. Akasema ulirudi kusoma namba ya gunia. Kisha akaniambia kwamba yeye mwenyewe, aliposhusha ile blanketi mbele ya mzani, alikuambia kwa sauti, "Madam, mimi nilipigia mbuzi." Watu wa foleni wakauliza mbuzi gani. Akawaeleza.

Dada, nilikuwa nimesahau kwamba Wasike yumo kwenye grupu.

Siku hiyo nilimuuliza Opondo kwa nini alipiga kura ile peke yake. Alikuwa anakunja shati. Akasema, "Kwa sababu swali lilikuwa lake, Nanzala. Si langu wala si la Mungai." Nikasema, basi ungeniambia. Akasema, "Nilikuambia. Ulinicheka." Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningepata la kujibu.

Akello naye alinisuka Ijumaa. Nilimuuliza jino linaendeleaje. Akasema hajawahi kuumwa jino.

Mama alinipigia jana. Nikamuuliza, "Bado?" Akasema, "Bado," akaingia kwenye habari za kuku.

Niandikie hata tusi. Matusi yako nayajua, yananipa usingizi.

Nanzala


Moi's Bridge
29 Juni 2025

Kwa Nanzala,

Mama ni mzima. Mahindi yamefika kiunoni. Ndama amekua na tabia kama ya Mulongo, anasukuma kila mlango ulio wazi.

Ulitaka tusi, lakini nimetafuta litakalokutosha nikakosa. Mtu aliyeambiwa "uliza", akauliza watu mia mbili na kumi na mmoja, akamwacha mmoja, huyo hatukaniki. Amejitosheleza. Wasike sasa ananiita Madam Mbuzi. Kuna mzee alileta magunia sita na akanipa pole ya kura, alidhani niligombea kiti.

Sasa nitakuambia kitu. Sikuambii ili unihurumie. Huruma yako itafika kwenye grupu kabla haijafika kwangu. Nakuambia kwa sababu uliuliza mwezi wa tatu, mara moja, kwa sauti ya kawaida, na mimi nikakujibu habari ya mvua. Hilo lilikuwa kosa langu.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, uliniomba namba za watu wema wa Moi's Bridge uwaongeze kwenye kamati. Nilikupa nne. Mmoja wao ni mtu aliyekuwa akileta gunia moja hapa ghalani. Gunia moja, Nanzala, lile lile. Nalipima, ni kavu, namwambia ni kavu, anasema asante, na wiki inayofuata analileta tena. Mara saba. Yule mama Mkisii ndiye aliyenifungua macho: "Huyo mahindi yake hayana shida. Shida iko kwake." Mara ya nane aliniuliza kama baada ya harusi ya mdogo wangu ningekubali aje nyumbani amsalimie Mama. Nikamwambia, acha kwanza mdogo apite. Nilitaka siku yako iwe yako.

Basi Jumanne ile nilikuwa nimeshika simu, nawasoma wanaocheka, nikishuka chini pole pole. Sikuwa nawatafuta wale mia mbili. Nilikuwa nalitafuta jina moja nisilione.

Nililiona. Alicheka nyuso tatu.

Pengine naye alicheka haraka, ili lisiwe kubwa. Najua sasa kwamba watu hufanya hivyo. Lakini hakuleta gunia tena, na mimi si mtu wa kwenda kuuliza gunia limekwenda wapi.

Usiniulize jina. Usimtafute.

Nasambu


Yamumbi
6 Julai 2025

Kwako Dada Nasambu,

Sisi wazima. Baridi ya Julai ni kali. Opondo anakusalimu. Barua yako sikumsomea. Nilimwambia ni ya kwangu, akasema sawa, akaenda kuchota maji.

Grupu sijaifunga. Nilitaka kuifunga niandike nikuambie nimeifunga, nikakusikia ukisema, "Hongera, sasa umefunga ili useme umefunga." Kwa hiyo ipo. Wanauza nyanya humo na kutakiana siku njema.

Lakini nilirudi nyuma mpaka Jumanne ile. Nilitaka kujua jina. Nakuambia ukweli kwa sababu ningeficha ungelichoma kipimo ukajua. Nilipofika pale nikabonyeza nione waliocheka, uso wa kwanza ulikuwa wangu. Mle ndani kuna watu wa kila aina, na wote walinifuata mimi. Mungai hakujua desturi. Chelagat hakujua. Yule mtu wako hakujua kama ni halali kucheka, akatazama juu akaona mwenye harusi, mdogo wake Nasambu, amecheka. Sikushuka zaidi. Niliizima simu. Sijui jina na sitalijua usiponiambia.

Nimekuwa nikijisifu kwamba najua kuongea na watu wa makabila kumi na tisa. Nimekaa mezani tangu asubuhi natafuta jinsi ya kuongea na wewe. Opondo ametoka kanisani, amekula, amelala, ameamka, bado nimekaa.

Nimeulizia desturi yetu. Safari hii nilimuuliza Mama peke yake. Akasema blanketi si kitu, blanketi ni ya kuketia. Mdogo huja mwenyewe, anaketi chini, anamuuliza mkubwa. Akasema alidhani nilishafanya hivyo. Akasema alidhani ulinikatalia, na ndiyo maana alifunga mlango, ili asiegemee upande. Miezi saba Mama alikuwa akinilinda na kosa ambalo hakujua nimelifanya.

Kwa hiyo, dada. Niko chini. Kweli niko chini, Opondo ameniuliza kama nimeangusha kitu.

Nilitaka kuolewa kabla yako, nikaolewa bila kukuuliza. Sikuogopa kwamba utakataa. Niliogopa kwamba utakubali na nitaona uso wako ukikubali. Ilikuwa rahisi zaidi kuuacha uso huo mbele ya watu mia mbili.

Nauliza sasa. Nipite?

Nanzala


Moi's Bridge
10 Julai 2025

Nanzala,

Inuka hapo chini, sakafu ya Julai inaleta kikohozi, na Mama Hulda atasema nilikuloga.

Barua yako imefika kwa siku mbili. Nimemwambia Wasike hii ndiyo kasi niliyokuwa nataka tangu Februari. Akasema alihisi ina haraka. Sijamuuliza alihisi vipi. Bahasha ilikuwa imefunguka kidogo upande mmoja, na safari hii hakuniita Madam Mbuzi.

Kuhusu gunia, nimefikiri. Ni kweli mtu hutazama juu kabla ya kucheka. Lakini mtu mzima wa miaka thelathini na nane anaweza pia kuja kusema samahani, barabara ni ile ile na mzani uko pale pale. Akija nitampima kama wengine. Asipokuja, mahindi ya wilaya hii ni mengi. Hilo niachie mimi. Sitaki lisaidiwe na mtu yeyote, hata daktari wa ng'ombe.

Nimemwambia Mama yote. Alikaa, akapangusa kioo cha simu yangu ya zamani na ncha ya leso, akasema, "Watoto wangu ni wajinga wawili." Kisha akaanza kuuliza Opondo anakula nini. Anataka kujua kama anakula mboga yetu ya mrenda. Mwambie ajifunze kabla ya Jumamosi.

Ndiyo, Jumamosi hii. Mje wote wawili, saa nne, kabla Mama hajabadili mawazo. Mulongo asije. Blanketi mje nayo, nasikia baridi. Shuka pia. Utaketi chini uniulize tena kwa mdomo, kwa sababu barua haina uso, nawe ulisema ni uso unaouogopa. Nami nitakujibu huku nakutazama, na utavumilia.

Jibu nakupa mapema, usije ukalia njia nzima ukamchafulia Opondo shati.

Pita.

Nasambu

Barua hii usiipige picha.